Breki ya Upande wa Mwalimu

4 Februari

Kifaranga wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hata hujachana bahasha. Mimi ni mzima kabisa, na ukisikia mtu anasema si mzima, muulize alinipima lini. Baba yako naye hajambo. Alipita dukani Jumapili, akala vipande vitatu vya keki ya limau, halafu akaniambia ni kavu. Kaka yangu huyo haya zake alizisahau tumboni mwa mama.

Usinipigie simu. Imezama kwenye keki ya mteja. Nilikuwa nimeibana kati ya bega na sikio, ikateleza ikaingia kwenye bakuli, na mashine ya kukorogea ikaizungusha pamoja na mayai kabla sijaelewa ule mlio ni wa nini. Kwa hiyo tumerudi kwenye barua kama watu wa heshima. Kukiwa na jambo la kufa na kupona, piga kwa jirani yangu fundi saa, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha.

Na hapo hapo ndipo ninapotaka kufika. Umekaa? Kaa. Shangazi yako ameposwa!

Ndiyo, mimi, mjane wa miaka hamsini na sita mwenye unga kwenye nyusi. Aliyeniposa ni huyo huyo fundi saa. Duka lake na langu vinatenganishwa na ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi ndiye ninayemwombea afya. Alikuja kutengeneza kengele ya oveni yangu. Akaifungua, akabana kile kioo chake jichoni, akaitazama weee, kisha akaifunga. Nikamuuliza tatizo ni nini. Akasema, "Kengele haina tatizo. Mwenye tatizo ni mimi." Nilicheka hadi nikaunguza biskuti za watu. Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki, na mtaa mzima sasa unajua ninavyokohoa.

Nina nguvu ajabu. Nimepaka duka lote rangi ya waridi, pamoja na dari. Nimefua mapazia, nikayatundika, sikuyapenda, nikayafua tena. Jana nimeoka keki ya ghorofa tano ambayo hakuna aliyeiagiza. Hata vidole vyangu, vile vilivyokuwa vimevimba hadi nashindwa kushika mfuko wa kupambia, vimenyooka kama vya msichana. Nilikwenda kwa daktari wa viungo, kijana mpole, akanipa kitu kidogo tu.

Mpiga picha wako hajambo? Harusi yenu lini? Nikiwatangulia msije mkalia.

Shangazi yako, bibi harusi


19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, kwenye gari la shule ya udereva, mwanafunzi kashika usukani, na nilipofika pale pa "ameposwa" nilipiga kelele, naye akakanyaga breki katikati ya mzunguko. Honi tulizopigiwa zilikuwa za kukupongeza wewe, basi zipokee. Nimefurahi hadi nimewaambia watu wasiokujua. Mwambie fundi saa kwamba shemeji zake ni watu wa kula sana na kulalamika, aanze kujizoeza.

Huku ni yale yale. Yule mwanafunzi wangu mwalimu wa hesabu amefanya mtihani wa udereva kwa mara ya nne. Safari hii alimaliza njia yote salama, akashuka, akafunga mlango, akampa mtahini mkono, na akasahau kuvuta breki ya mkono. Gari lilimfuata mtahini polepole hadi mlangoni mwa ofisi. Wamemwambia arudi mwezi ujao.

Sasa Shangazi, tuongee. Mtu ninayemfahamu mimi huwa anapaka rangi ukuta mmoja kwa mwaka. Wewe umepaka dari. Umefua mapazia safi. Umeoka ghorofa tano za bure. Mapenzi nayajua, yanamfanya mtu ajipake wanja. Hayamfanyi apande ngazi na brashi. Hicho "kitu kidogo" alichokupa daktari wa viungo kinaitwaje? Ni vile vidonge vya kutuliza uvimbe, vile vinavyompa mtu nguvu za kuhamisha kabati?

Nauliza kwa sababu moja, nawe unaijua. Wewe na mimi ndio wanachama wote wa chama chetu cha ini. Hujasahau siku ile tulipokwenda kumchangia baba damu, wakatukataa wote wawili, tukakaa kwenye benchi la nje tumeshika karatasi zilizofanana: homa ya ini aina ya B, sugu. Hatukujua nani kaitoa wapi, tukakubaliana kutoulizana, tukacheka kama wehu. Mimi nikapewa vidonge vya kila siku. Wewe ukaambiwa virusi vyako vimelala, upime kila baada ya miezi sita, na kabla ya kunywa dawa yoyote kubwa useme.

Je, umesema?

Kifaranga


2 Machi

Kifaranga,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta ya gari, nikajua ni yako kabla ya kusoma jina.

Hapa habari ni nzuri tupu. Fundi saa amenitengenezea saa ya ukutani inayolia kila robo saa, na sasa dukani hatusikilizani. Tumepanga harusi iwe Juni, ndogo tu, watu wetu na wateja wanaolipa. Keki nitaoka mwenyewe, maana simwamini mtu. Amenunua suti. Mikono ya koti inamfika kwenye vidole, lakini anasema ataizoea. Baba yako amejiteua kuwa mtoa hotuba. Namwombea apate mafua siku hiyo.

Mama mwenye duka la vitambaa amejifungua. Paka wa posta amerudi. Mvua bado.

Nadhani nimejibu yote.

Shangazi yako

Nimesahau: yule daktari mpole anasema vidonge ni vya muda tu, tarehe 12 Mei ataniwekea dawa yenyewe, ya dripu, ambayo inatuliza viungo kwa miezi. Kwa hiyo siku ya harusi nitacheza!


10 Machi

Shangazi shikamoo, na leo sikuulizi habari ya paka.

Nilipiga simu kwa fundi saa. Nilidhani nitakupata faraghani. Akaniita "mwanangu" kwa sauti nzuri sana, akakupa simu, kisha nikamsikia anavuta kiti akae karibu nawe. Ndiyo maana tuliongea juu ya mvua muda wote ule kama watangazaji wa hali ya hewa. Kwa hiyo naandika, na naandika kubwa ili uone bila miwani.

Virusi vyako havijafa, vimelala. Vimelala kwa sababu mwili wako umevikalia. Fikiria gari langu la shule. Mwanafunzi ana breki yake, na mimi mwalimu nina ya kwangu upande wa kushoto, kwa sababu siku moja lazima mwanafunzi atatoa mguu. Kinga ya mwili wako ndiyo mguu ulioko kwenye breki miaka yote hii. Vidonge vya uvimbe vinaulegeza ule mguu. Dripu ndiyo inauondoa kabisa. Gari likiachiwa mteremkoni, Shangazi, haliendi polepole kumfuata mtahini. Virusi vinaamka, ini linaungua, na watu wamekufa hivyo, watu waliokuwa wanapaka dari mwezi mmoja kabla.

Dawa ipo! Ndilo linalonitia wazimu. Ni vidonge kama hivi vyangu, kimoja kwa siku, unaanza kabla ya dripu na kuendelea muda daktari atakaokwambia. Hiyo ndiyo breki ya upande wa mwalimu. Lakini daktari hawezi kukupa breki ya gari asilojua kuwa lipo. Na usiache vile vya uvimbe ghafla kwa hofu, hilo nalo lina hatari zake. Nenda ukaseme tu.

Umesema, au hujasema? Neno moja linatosha.

Kifaranga wako, ambaye leo amemfokea mwanafunzi asiye na kosa


28 Machi

Mwanangu,

Neno lako moja hili hapa: sijasema.

Nitakueleza ilivyokuwa, nawe ucheke ukitaka, maana mimi mwenyewe nilicheka njia nzima kurudi, kicheko cha mtu aliyekalia moto. Siku ile ya daktari fundi saa alinisindikiza. Alibeba mkoba wangu kwapani kama kuku wa mnada, hakukubali nimpokee. Tukaingia wote. Yule kijana akauliza, kalamu mkononi, "Mama, kuna ugonjwa wowote wa siku nyingi? Sukari, figo, ini?" Alipofika kwenye ini akaniangalia, au niliona hivyo. Fundi saa naye akaniangalia. Nikasema, "Sina. Hata mafua hunipita mbali."

Ungemwona fundi saa! Alitabasamu kwa fahari kama vile yeye ndiye aliyenitengeneza.

Daktari akaniandikia kipimo cha damu hata hivyo. Huko maabara majibu wanayatoa dirishani, na fundi saa alikuwa ameshasimama kwenye foleni kwa niaba yangu, tayari kuyapokea na kuyasoma, anasoma kila kitu yule, hata maandishi ya kwenye mfuko wa sukari. Nikamwambia muuguzi nimeshapima kwingine, majibu nitaleta. Akasema sawa, yaletwe kabla ya dripu. Ndiyo mpaka leo.

Naogopa, Kifaranga. Si ini ninaloliogopa. Nimekaa mjane miaka tisa, na sasa kuna mtu anayegonga ukuta asubuhi kunijulisha kwamba amefika kazini. Mimi nagonga kumjibu. Ni ujinga, tuna umri wa kupata wajukuu. Je, nikimwambia na asigonge tena?

Wewe ulimwambia mpiga picha. Niliona kwenye barua ya mwaka jana kwamba utamwambia, halafu hukuniandikia tena juu ya hilo. Alifanyaje? Niambie ukweli: kama alikukumbatia, nami nitasema; kama alikimbia, nami nitanyamaza.

Shangazi yako


5 Aprili

Shangazi wangu mpenzi,

Shikamoo. Nimesoma juu ya mkoba wa kwapani nikacheka, nikasoma pale pa kugonga ukuta nikalia, na yote mawili yalitokea mbele ya mwalimu wa hesabu, ambaye alisimamisha gari mwenyewe, pembeni, kwa taa ya ishara na breki ya mkono. Nimempa alama zote.

Mpiga picha alinikumbatia. Aliniuliza nataka chai au kahawa. Kesho yake alikwenda kupata chanjo, maana chanjo ipo, Shangazi, kwa mtu kama fundi saa ni sindano chache begani na kazi imekwisha. Tunakula sahani moja, tunakunywa kikombe kimoja, tunakumbatiana, na hakuna kati ya hayo linaloambukiza. Tunaloangalia ni damu tu: wembe wake ni wake na mswaki wangu ni wangu, na mambo ya chumbani ni chanjo na busara. Ndiyo hivyo tu. Hakuna aliyekimbia.

Mwambie. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe hata kilio chako kitakuwa cha kelele. Mwambie kabla ya tarehe 12 Mei. Usipomwambia wewe, nitapanda basi nije nimwambie mimi, na unajua ninavyoeleza mambo, nitatumia mifano ya magari.

Kifaranga


20 Aprili

Kifaranga,

Nimemwambia. Ningependa kukueleza kwamba nilimwambia vizuri.

Nilimwita dukani mchana, nikafunga mlango wa mbele nusu. Nikakumbuka kuta zetu ni za mbao na upande wa pili kuna fundi viatu mwenye masikio. Nikaona busara niwashe mashine ya kukorogea ili sauti yangu isisikike nje. Nikaiwasha. Nikaanza kwa upole, naye akasema "Eee?" Nikaongeza sauti, akasema "Umesema ndizi?" Nikavuta pumzi ya kutosha watu wawili, nikapiga kelele: "NINA VIRUSI VYA HOMA YA INI!" Na kabla sijafika kwenye "ini", umeme ukakatika.

Nadhani hata paka wa posta alisikia. Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja aliyekuja kuchukua keki ya wanawe mapacha. Akasema, "Hata dada yangu anayo, mwaka wa kumi na tano sasa, ana wajukuu." Akachukua keki yake, akaongeza, "Pole, lakini majina ya watoto umeyaandika kwa krimu ya bluu, mimi niliomba nyeupe," akaenda.

Mimi na fundi saa tukabaki. Nikamwambia yote bila mashine: kwamba ninayo tangu zamani, kwamba imelala, kwamba nilidanganya kwa daktari kwa sababu yake, kwamba dripu inaweza kuiamsha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akasema, "Nimesikia." Akachukua mwavuli wake, na mvua haikuwapo, akatoka.

Tangu siku ile duka lake limefungwa. Leo ni wiki. Saa zake zote zinalia humo ndani zikiwa peke yake, kila moja kwa wakati wake, nami nimekaa upande wa pili nazisikiliza. Asubuhi niligonga ukuta. Hakuna kitu.

Usiseme pole. Ukisema pole nitavunjika. Nimeoka keki kumi na mbili leo na mikono haitulii, na mdomo unacheka wenyewe, na moyo uko chini kabisa. Mpiga picha wako ni mtu wa ajabu, mshikilie.

Shangazi


26 Aprili

Shangazi,

Siandiki mengi. Nimelia hadi mwenye nyumba ameniletea maji.

Nenda kwa daktari. Nenda peke yako, bila mkoba, bila mtu. Hata asiporudi mwanamume yeyote duniani, ini ni lako na mimi nakuhitaji ukiwa hai. Nikukosee chochote kingine, lakini hili nisikilize. Nimewaomba kazini ruhusa, wamekataa kwa sababu ya mitihani, nami nitaondoka hata hivyo tarehe 10, wanifukuze.

Nisamehe kwa kukusukuma. Nitakuambia siku nyingine kwa nini naomba msamaha.

Wako


2 Mei

Kifaranga! Usipande basi! Usifukuzwe kazi! Kaa hapo hapo usome!

Marahaba na marahaba tena. Amerudi. Nilikuwa chini ya meza natafuta kifuniko cha chupa ya vanila, nikasikia ukuta unagongwa. Nilinyanyuka nikapiga kichwa kwenye meza, nina nundu hadi leo, ni nundu ya furaha. Nikatoka mbio. Yuko mlangoni kwake na mwavuli ule ule, anafungua kufuli kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameubana kifuani kama bawa lililovunjika.

Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema alikwenda kwa dada yake mjini, karibu na hospitali kubwa. Siku ya kwanza alipanga foleni ya kuuliza maswali. Siku ya pili alipanga foleni ya kupima damu. Kisha akasubiri majibu, yakatoka kwamba hana, akapanga foleni ya chanjo, na sasa bega linamuuma na hataweza kunyanyua kitu kizito mpaka harusi ipite. Nikamwambia, wewe mtu, ungeshindwa kuniandikia hata mstari mmoja? Akanishangaa kwelikweli. Akasema, "Mimi siwezi kusema neno juu ya saa kabla sijaifungua nikaiona ndani. Ningekuambia nini? Sikuwa najua kitu."

Wiki mbili, Kifaranga! Wiki mbili nazikwa na kufufuka, kumbe mwanamume anafungua saa! Nilimpiga na taulo la jikoni. Kisha nikalia, naye akalia kidogo, akasema ni bega.

Tukaenda kwa daktari siku iliyofuata. Mkoba kwapani tena, bega halimzuii hilo. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yangu yote. Tukaketi. Yule kijana akafungua faili langu, akauliza kama nimeleta yale majibu. Nikaapa moyoni kwamba sasa nasema, sasa, sasa. Fundi saa akaniwahi. Akasema, "Daktari, tuna homa ya ini aina ya B. Tunayo siku nyingi. Mwezi wa kwanza tulikudanganya."

Tuna! Tulikudanganya! Yeye ambaye majibu yake yako mfukoni yamekunjwa, safi kabisa!

Kijana akaweka kalamu chini. Hakutukemea. Alisema tu, "Asanteni kwa kuniambia kabla ya dripu na si baada yake," na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilitolewa damu siku hiyo hiyo, na fundi saa akasimama dirishani akapokea majibu akayasoma yote, hadi jina la kiwanda cha karatasi. Mwanangu, vilikuwa vimeanza kuamka. Vidonge vya uvimbe vilishavitikisa, wingi wa virusi umepanda, na ini limeanza kulalamika kidogo, bado kidogo. Nimepewa vidonge kama vyako. Dripu imeahirishwa hadi watakaporidhika, na vile vya uvimbe napunguziwa polepole.

Kwa hiyo nguvu zimeanza kunishuka. Nimetazama dari ya waridi leo nikajiuliza nani alifanya vile. Lakini niko hai, nimeposwa, na sina cha kuficha kwa mtu yeyote mpaka kwa fundi viatu. Najisikia mwepesi mno!

Mbusu mpiga picha kwa niaba yangu. Bila mfano wake nisingethubutu.

Shangazi yako, ambaye ini lake limetajwa hadharani


20 Mei

Shikamoo Shangazi, na shikamoo kwa fundi saa na bega lake,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikazunguka gari la shule mara kadhaa nikicheka peke yangu. Mwalimu wa hesabu amefaulu. Aliponiona nacheka akadhani nacheka kwa ajili yake, tukakumbatiana.

Sasa sikiliza. Mara ya kwanza uliponiuliza juu ya mpiga picha, nilikuandikia juu ya mwalimu wa hesabu. Na mara ile uliyoniuliza waziwazi, nilikudanganya.

Hakunikumbatia. Nilimwambia mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mezani, baada ya chakula. Aliniuliza ni kikombe kipi nilichonywea. Akakiosha kwa maji ya moto, akakiosha tena, kisha akaosha mikono yake hadi kwenye viwiko. Nilimweleza ya sahani na vikombe kama nilivyokueleza wewe, na yeye akitikisa kichwa akisema ndiyo, ndiyo, huku anatafuta viatu. Aliondoka kwa haraka hadi akaacha ile miguu mitatu ya kamera yake. Naanikia nguo.

Wewe uliniambia kwamba akinikumbatia nawe utasema, na akikimbia nawe utanyamaza. Ndiyo maana nikaandika alinikumbatia. Na fundi saa alipochukua mwavuli wake akatoka, nilijua nimekuua mara mbili, moyo kwanza na ini baadaye.

Sasa nimesema. Nikasirikie ukitaka.

Kifaranga


1 Juni

Mwanangu,

Leo sisemi marahaba mpaka nimalize.

Nimesoma barua yako kwa sauti ya ndani, halafu nikamsomea fundi saa, usinune, siku hizi hatuna siri, tumechoka nazo. Aliuliza anwani ya yule mpiga picha. Nikamwambia akae chini na bega lake.

Nimekasirika, lakini si kwa ule uongo. Nimekasirika kwamba toka Novemba umekuwa ukila peke yako, umeosha kikombe chako peke yako, unaniandikia vichekesho vya magari, nami nakuuliza kwenye barua, "Harusi yenu lini?" Chama chetu kina watu wawili, Kifaranga. Mmoja anafurahi mwingine anaanikia nguo kwenye miguu ya kamera, na hasemi. Hicho si chama.

Ule uongo, ngoja nikuambie. Ungeniandikia ukweli mwezi wa nne, ningekushukuru, ningekupa pole ndefu, na ningefunga mdomo wangu mpaka mwisho. Najijua. Ningeingia kwenye dripu ile nikiwa nimejipamba, fundi saa amenibebea mkoba, daktari ananisifu kwa afya yangu. Sasa hivi mngekuwa mnaandaa mazishi ya mchumba mzuri asiye na ugonjwa wowote. Ulikuwa umeachwa, ulijua kabisa watu hukimbia, na bado ukanisukuma niseme. Mimi nisingeweza kumfanyia mtu hivyo. Nisingekuwa na moyo huo.

Vipimo vya juzi vinasema virusi vinashuka. Harusi ni tarehe 22. Wewe njoo wiki moja kabla. Usije kunisaidia kuoka, huna mkono wa keki na hujawahi kuwa nao. Njoo tu ukae kwenye kiti karibu na oveni, nikupe chai kwenye kikombe changu, na unielezee lile jambo la mezani tangu mwanzo, polepole, mpaka likuishe.

Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Shangazi yako